Bakuli Linalomwagwa

Kiti kilikuwa bado kina joto la mtu. Tumu alilihisi alipokaa, joto la kiuno na mapaja ya mtu asiyemjua, akataka kusimama tena kama aliyekalia mahali pa mwenzake kwa makosa. Lakini Bi. Kidawa, Mkuu wa Meza, alikwisha kumwona. "Kiti cha Tatu, karibu," alisema. Hakusema Tumu. Tangu alipopita ule mlango hakuna aliyemwita Tumu. Katika Ukumbi wa Barafu waamuzi hawakuwa na majina. Viti ndivyo vilivyokuwa na majina, na mtu alitundikwa juu ya kiti kama nguo mpaka atakapochakaa.

"Aliyekuwa hapa yuko wapi?" Tumu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye wewe," alijibu mwanamume wa Kiti cha Nne bila kugeuza shingo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na macho ya mtu aliyekula akashiba zamani. Baada ya kitambo, pengine kwa kumwonea huruma, aliongeza: "Nyumbani huniita Vuai. Usilitaje hapa kwa sauti."

Hakuna aliyejua barafu ile ilianza lini. Wapo waliosema kwamba hapo zamani palikuwa na ziwa, na siku moja watu wote wa kando yake walinyamaza kwa pamoja, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kwanza, mpaka maji nayo yakaganda kwa kungoja. Baadaye watu walijenga ukumbi juu yake. Mchana wa humo ndani haukuwa na jua wala kivuli. Ulikuwa mchana mmoja, uliokunjwa na kukunjuliwa kama shuka, hata mtu akaweza kuikumbuka kesho na kuisahau leo. Watu walikuja wawili wawili, mwanamke na mwanamume, wakiwa wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wakateleza mbele ya meza ya viti saba, na meza ikawaambia wao ni nani.

Mbele ya kila kiti palikuwa na bakuli la mbao lililofunikwa kitambaa cheusi, na kando yake fungu la kokoto nyeupe. Jozi ikimaliza kuteleza, kila mwamuzi hupitisha mkono chini ya kitambaa na kudondosha kokoto kadiri ya uzuri aliouona. Kisha Bi. Kidawa huyafunua mabakuli. Lile lililojaa kuliko yote hulitwaa na kulimwaga katika tundu lililotobolewa kwenye barafu, chini ya meza. Lile lenye kokoto chache kuliko yote hulimwaga vilevile. Yanayobaki ndiyo hukumu. Sheria hiyo, walisema, iliwekwa na watu wema, ili mwenye mapenzi asipendelee na mwenye chuki asionee. Na mwamuzi ambaye bakuli lake lilimwagwa mara kwa mara alihesabiwa kuwa ana kasoro ya macho. Aliondolewa, na kiti kikabaki na joto.

Jozi zote zikishateleza, ile iliyoshika mkia ilitenganishwa. Mmoja alipelekwa ng'ambo ya kaskazini na mwenzake ng'ambo ya kusini, na hakuna aliyewahi kusikia wawili wa namna hiyo wamekutana tena. Mwisho wa yote barafu humwagiwa maji mapya, maji yakaganda, uso ukawa laini kama haujawahi kukanyagwa. Hapo ndipo hukumu huwa imekamilika. Kabla ya maji, hukumu ni maneno tu.

Tumu aliyajua haya yote kwa kuyasoma. Alikuwa ametoka shuleni juzi tu, na aliamini, kama anavyoamini mtu ambaye bado hajakanushwa, kwamba kuona ni kazi ya macho.

*

Kabla ya kuingia, pale mlangoni, alikutana na wawili wamekaa kwenye ngazi. Mwanamke alikuwa amenyoosha mguu.

"Dada, samahani," alisema, "nifungie kamba hii. Vidole vyangu vimekufa ganzi, na huyu akinifunga hukaza kama anafunga mzigo wa kuni."

"Mzigo wa kuni haulalamiki," alisema mwanamume.

"Basi ungeuoa."

Tumu alipiga magoti, akafunga kamba. Mwanamke alijitaja kuwa Mize. Mwanamume alikuwa Shaame.

"Nyinyi ni mume na mke?"

"Mungu apishe mbali," alisema Mize.

"Ndugu?"

"Angekuwa ndugu yangu ningekwisha kumhama," alisema Shaame. Kisha, kwa sauti nyingine: "Sisi ni jozi. Tangu tuko hivi," na aliweka kiganja usawa wa goti lake. "Leo kura imetutoa wa kwanza."

"Ni vibaya kuwa wa kwanza?"

Walitazamana. "Tukishika mkia," alisema Mize, "huyu atapelekwa kaskazini, na hajui hata kukoroga uji." Alicheka, na alipoona amecheka peke yake, akaacha. "Wewe, dada, umekuja kutazama?"

"Nimekuja kutazama," alisema Tumu. Na ilikuwa kweli.

*

"Hawa ni wa kwanza," Bwana Vuai alimnong'oneza wakati wawili hao wakiingia barafuni. "Wa kwanza ni mchuzi wa kuonjea chumvi. Usijaze."

"Hata wakiteleza vizuri?"

"Hata wakiruka kama ndege. Ukijaza sasa, ikija jozi ya Mlango Mkuu, wale washindi wa kila mara, utawapa nini?"

"Si kila jozi ina zamu yake ya mabakuli?"

"Mabakuli yana zamu, binti. Macho hayana."

"Jozi ya Mlango Mkuu haijaingia bado."

"Imeingia. Iliingia jana, ikaingia mwaka juzi. Uliza mkono wako."

Tumu aliutazama mkono wake uliolala kando ya kokoto, na akaogopa, kwa maana mkono ulijua. Ulijua jozi ya Mlango Mkuu itapewa kokoto ngapi, ulijua wa kwanza watapewa ngapi, ulijua hata jozi ambazo hazijazaliwa. Kumbukumbu zisizo zake zilikuwa zikipanda kutoka kwenye kiti, kama unyevu upandavyo ukutani: majina ya walioshinda, vifijo, na aibu ya bakuli kumwagwa huku wengine sita wakitazama vidole vyao. Alikuwa mzee. Alikuwa amekaa pale tangu siku ya kunyamaza. Alikuwa msichana juu ya majukwaa ya watazamaji akimwonyesha mama yake kiti hiki kwa kidole. Ni nani kati yao aliyekuwa Tumu? Ni nani aliyefunga kamba pale mlangoni? Alijaribu kujishika kwa jambo moja dogo, akalipata: kamba ile ilikuwa na fundo la zamani katikati, na alilipita kwa kidole gumba.

Ndipo akaelewa meza ile ni kitu gani. Mwamuzi hakuulizwa umeona nini. Aliulizwa: unadhani wenzako watadhani nini? Na wenzake, kila mmoja kwa zamu yake, waliulizwa vivyo hivyo. Basi Kiti cha Tano kilikitazama cha Nne, cha Nne kilikitazama cha Sita, cha Sita kilikisikiliza cha Kwanza, na katikati yao, mbele ya macho yote hayo, palikuwa na barafu pana isiyotazamwa na mtu. Vioo saba vilivyoelekezana, kila kioo kimejaa vioo, na hakuna uso ndani ya hata kimoja. Hakukuwa na mwovu pale. Hilo ndilo lililomuuma. Angemtafuta mwovu amchukie, apumzike. Lakini aliona watu saba tu wanaoogopa kukosa, na hofu ya kukosa ndiyo iliyokuwa ikiwakosesha.

Aliinua macho kwa nguvu, kama mtu anayeinua ndoo, akatazama.

Mize na Shaame walikuwa wamekwisha kuanza. Walikwenda sambamba, mguu kwa mguu, na palikuwa na jambo katika mwendo wao ambalo Tumu hakulipatia jina. Hawakuwa wakifanana, mmoja alikuwa mwepesi na mwingine mzito kidogo kwenye kona. Lakini kila Shaame alipochelewa kwa nusu pumzi, Mize alikuwa ameshaipunguza pumzi yake, hata kuchelewa kukawa kwa wote wawili na kwa hiyo kukawa si kuchelewa tena. Shaame alimwinua Mize juu ya kichwa, akamzungusha, akamshusha kama mtu anayerudisha sahani ya mgeni kabatini. Kisha wakashika mwendo kwa ajili ya mrusho. Shaame alimshika kiunoni, akamrusha mbele.

Watu wote wakamtazama anayeruka. Ndivyo macho yalivyo. Humfuata aliye hewani na kumwacha aliyemrusha. Tumu peke yake, labda kwa kuwa hakuwa amejifunza bado, alibaki kwa Shaame. Aliona kisigino chake kikinasa. Alimwona akienda chini kwa kifua, akiserereka mbele mkono umenyooka, vidole vimetawanyika juu ya barafu, mahali hasa ambapo makali ya Mize yangetua.

Mize aliona akiwa hewani. Angeweza kutua wima. Alikuwa na nafasi na alikuwa na kimo. Alipinda nyonga. Alitua kwa kiganja na goti, mbali na vidole vile kwa upana wa mkeka, akaserereka, akainuka. Na Shaame alikuwa ameshainuka nyuma yake kabla majukwaa hayajamkumbuka. Mize alinyoosha mkono bila kugeuka. Mkono wa Shaame ulikuwepo. Waliendelea mpaka mwisho.

"Jozi imegusa barafu," alitangaza mnadi.

*Jozi imegusa.* Tumu alilirudia neno hilo moyoni. Lugha ya Ukumbi haikuwa na "yeye." Jozi imeingia, jozi imezunguka, jozi imeanguka; kama meza, kama ngoma, kama nyumba. Aliyenasa kisigino na aliyejitupa chini ili asimkate mwenzake walikuwa wamefungwa ndani ya kitenzi kimoja, na kitenzi kikawa kimefungwa kwa nje.

"Wameteleza," Kiti cha Tano kilisema, kikitikisa kichwa.

"Si ndiyo kazi yao," alisema Bwana Vuai, na mtu mmoja kule mwisho wa meza akacheka kidogo. Watu wa nchi ile walikuwa na neno moja kwa ufundi na kwa kosa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyesimama akauliza, kila lilipotamkwa, limetamkwa kwa maana ipi.

*

Mikono iliingia chini ya vitambaa. Ukumbi ulikuwa kimya, na katika kimya hicho Tumu alisikia: *to*. Kisha: *to, to*. Bwana Vuai alikuwa amefumba macho, shingo imeinama kidogo upande wa kulia.

"Unafanya nini?" Tumu alimnong'oneza.

"Nasikiliza. Cha Tano hudondosha tatu, husita, kisha huongeza moja. Cha Sita humfuata yeye. Mimi nawafuata wote wawili." Alifungua jicho moja. "Kitambaa kinazuia macho, binti, hakizuii sikio. Kumbe ulidhani watu hukubaliana vipi?"

"Uliwaona, alipomrusha mwenzake?"

"Nilikuwa nawasikiliza hawa. Cha Kwanza huanza kuzichezea kokoto zake mapema."

Tumu alimweleza. Alisema upesi, kwa maneno yaliyokanyagana: kisigino, vidole, nyonga, kiganja. Bwana Vuai alisikiliza akiwa ametazama kitambaa chake.

"Basi jaza bakuli lako," alisema mwishowe.

"Nikijaza litamwagwa."

"Litamwagwa."

"Na wao watashika mkia."

"Aghalabu wa kwanza hushika mkia."

"Na mabakuli mawili yakijaa sawasawa?"

Lilikuwa swali jepesi, la mtoto, na Bwana Vuai alionekana kulitafuta jibu mahali ambapo hajapita kwa muda mrefu. "Sheria humwaga moja," alisema. "Linabaki moja."

"Basi ukweli wa mtu mmoja hapa humwagwa. Wa wawili haumwagiki wote."

"Najua unakokwenda." Aligeuka sasa, mwili mzima. "Unaniomba nijaze kwa jambo nililoambiwa. Sikiliza. Ndivyo nilivyofanya umri wangu wote kwenye kiti hiki. Nimejaza kwa kuambiwa na nimepunguza kwa kuambiwa. Leo tofauti ni kwamba mnong'ono ni wako, na wewe una uso mzuri."

Tumu alitafuta la kusema, na kila alilolipata lilikuwa kokoto nyingine inayodondoshwa ili isikike. Alikuwa na haki, mtu yule. Kumtaka aamini kulikuwa ni kumtaka afumbe jicho lingine kwa upande mwingine. Na chini kule, kwenye ubao wa kungojea, Mize alikuwa amekaa na kiganja kimefungwa kitambaa, na Shaame alikuwa akimpulizia vidole.

"Basi usiniamini," alisema Tumu. "Nenda ukatazame."

"Nikatazame nini? Wameshatoka."

"Barafu haijamwagiwa maji."

Bwana Vuai alimtazama kwa muda ambao huenda ulikuwa mrefu sana. Mchana ule haukuwa na namna ya kuupima. Kisha aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akasimama. Magoti yake yalilia.

"Kiti cha Nne, kaa," alisema Bi. Kidawa.

"Kiti kimekaa, Bi. Kidawa. Mimi ndiye niliyesimama."

Alishuka ngazi. Hakuna mwamuzi aliyewahi kuikanyaga barafu ile. Alikwenda kwa viatu vya ngozi, miguu imetanuka kama mtoto anayejifunza, mikono hewani. Mtu wa majukwaani alimwita, "Mzee, jozi yako iko wapi?" na watu wakacheka, kisha wakaacha, kwa kuwa mzee alikuwa amepiga magoti. Kwa kuwa wale walikuwa wa kwanza, uso wa barafu ulikuwa na mistari yao peke yao. Tumu alimwona akifuata mstari mmoja kwa kidole. Alimwona akirudi, akaufuata wa pili. Alifika mahali mistari ilipokaribiana, akasimamisha kidole. Akaweka kiganja chake juu ya alama ya kiganja, akapima kwa shubiri kutoka hapo hadi kwenye mkwaruzo mpana wa kifua, na akabaki ameinama hivyo, kichwa chini, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima.

Aliporudi kitini pumzi zilikuwa zikimtoka kwa shida na magoti ya suruali yalikuwa yamelowa. Alipitisha mkono chini ya kitambaa, akadondosha kokoto moja moja, bila kusita, bila kuinamisha shingo upande wowote, mpaka fungu likaisha. Tumu naye akalimaliza lake.

*

Bi. Kidawa alifunua. Alipofika kwenye bakuli la Tumu alilinyanyua kama alivyonyanyua mengi. Alipofunua la Nne, mkono wake ulisimama. Alilitazama moja, akalitazama jingine. Palikuwa na kitu usoni mwake ambacho Tumu alikidhania hasira, kisha akaona si hasira. Alikuwa mwanamke mtiifu wa sheria, na sheria ilikuwa imemshika mkono. Aliinama, akalimwaga bakuli la Tumu katika tundu, na kokoto zikazama bila sauti. La Bwana Vuai alilirudisha mezani.

Jozi nyingine ziliingia zikatoka. Ya Mlango Mkuu iliingia, ikashinda kama ilivyokuwa imeshinda. Tumu alikaa na moyo wake ukijumlisha na kutoa: bado wako chini, bado wako chini sana, hawa wamezidishiwa, hawa je? Alitazama mabakuli ya jozi zote. Alitazama nyuso za waamuzi. Alimtazama Mize pale kwenye ubao. Na mnadi aliposimama kutaja mkia, Tumu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote.

Hawakuwa wao. Walipita juu ya mkia kwa kokoto chache mno. Shaame aliziba uso kwa mikono yote miwili, na Mize akampiga kofi mgongoni, akampiga tena, kisha akabaki ameweka mkono palepale alipompiga.

Tumu alicheka kwa sauti. Kicheko kilikuwa bado mdomoni alipowaona wawili wengine wakisimama upande wa pili, mnadi akiwataja: Mwanakheri na Ngwali. Watu wa makamo. Mwanamke alikuwa akivua kilemba chake cha kutelezea na kukikunja taratibu, na mwanamume alikuwa amemshikia mfuko. Mlango wa kaskazini ulifunguliwa. Wa kusini ulifunguliwa.

Walitelezaje? Tumu alijiuliza. Alitafuta. Aliukumbuka wimbo wao. Alizikumbuka kokoto zao, ngapi na ngapi. Alikumbuka kwamba walipokuwa barafuni aliomba moyoni wasipate nyingi. Wao wenyewe hakuwakumbuka hata kidogo. Walikuwa wamepita mbele ya macho yake kama upepo unavyopita mbele ya kioo.

Mtu wa maji alikuwa ameshaingia na ndoo zake, akianzia pembeni.

Tumu alishuka. Hakukumbuka kama aliomba ruhusa au hakuomba. Nyuma yake sauti ya Bi. Kidawa ilikiita Kiti cha Tatu, ikakiita tena, na kiti kilikuwa kule juu kikisikiliza. Alifika kwa wale wawili, akiwa ameshikilia ukuta.

"Mlipita wapi?" aliwauliza.

Mwanakheri alimtazama, kisha akatazama meza. "Si ulikuwa umekaa pale juu?"

"Ndiyo."

"Na hukutuona?"

"Sikuwaona," alisema Tumu. "Nilikuwa nawaangalia wengine. Nisameheni. Nionyesheni mlipopita."

Katika Ukumbi ule hakuna mwamuzi aliyewahi kuwaambia watu hivyo, na wawili hao hawakujua la kufanya nalo. Barafu mbele yao ilikuwa imechorwa na jozi zote, mistari juu ya mistari, imesokotana kama nywele zilizolaliwa. Mtu wa maji alikuwa ameinua ndoo. Alimtazama Ngwali, akamtazama mwamuzi huyu aliyesimama bila kiti, akaitua ndoo chini.

"Kwa viatu hivyo utavunjika kiuno, dada," alisema Ngwali. Aliuweka mfuko chini, akampa kiwiko. "Shika hapa. Usiangalie miguu."

Mwanakheri alimshika upande wa pili, kwa mkono uliokuwa ungali umeshika kilemba. Waliingia watatu, polepole, huku Tumu akitetemeka katikati yao na uzito wake wote uko kwao. Pale katikati mwanamke alisimama, akatafuta kwa macho, akasogea hatua moja kushoto.

"Tulianzia hapa," alisema.

Tumu aliinama, akatazama.